Mgeni wa Siku ya Tatu: Nahau za Kiingereza katika Kiswahili cha Tanga

Kiswahili hakikupata kuwa lugha ya mlango uliofungwa. Anayetaka ushahidi asiende mbali. Atie mkono mfukoni. Fedha ni neno la Waarabu, pesa lilitoka Bara Hindi, hela liliachwa na Wajerumani, ambao sarafu yao iliyoitwa heller iliingia Afrika ya Mashariki mwaka 1904, na shilingi ikaja na Waingereza. Ni maneno manne ya wageni wanne, na mnunuzi wa dagaa katika mitaa ya Ngamiani mjini Tanga huyatumia yote bila ya kuhisi kwamba anazungumza lugha ya mtu mwingine.

Neno, hata hivyo, ni mzigo mwepesi. Anayesema hela halazimiki kuijua Ujerumani. Lakini anayetafsiri nahau neno kwa neno huibeba pamoja na baridi ya nchi ilikotoka, michezo yake, wanyama wake, chakula chake na namna watu wake wanavyohesabu saa. Maana ya nahau haimo ndani ya neno lake lolote; imo katika makubaliano ya watu kwamba maneno hayo, yakikaa pamoja, yaseme jambo jingine. Mswahili akisema kwamba fulani amemwaga unga, hapana anayetafuta ufagio; wote wanajua kwamba fulani amefukuzwa kazi. Mwingereza naye husema mtu huyo "amepewa gunia", na husimuliwa kwamba msemo huo ulitoka zama ambazo fundi aliweka vyombo vyake katika mfuko, na bwana wake akimwachisha kazi humrudishia mfuko wake ashike njia. Msiba ni mmoja, picha ni mbili. Hapana Mswahili aliyeona haja ya kusema kwamba jirani yake amepewa gunia, kwa sababu unga uliomwagika unamtosha.

Si kila nahau ya Kiingereza iliyokuta mlinzi imara kama huyo. Katika kata ya Usagara, jijini Tanga, penye skuli ya sekondari iliyobeba jina hilo hilo, kama ilivyo katika miji yote ya pwani, msikilizaji wa asubuhi moja tu ataambiwa kwamba "mwisho wa siku" wananchi ndio watakaoamua, kwamba mradi fulani "utaua ndege wawili kwa jiwe moja", kwamba akina mama "wanacheza nafasi kubwa" katika malezi, na kwamba "mpira sasa uko kwenu". Maneno yote ni ya Kiswahili. Mawazo yamepangwa kwa Kiingereza. Na kwa kuwa ulimi wa barazani ndio unaomlisha mshairi, si ajabu misemo hiyo kuonekana sasa katika beti.

Wako wanaoiona hali hii kuwa maangamizi, wakataka kila kilichotoka Ulaya kirudishwe Ulaya. Wako pia wasioona kitu, wakisema kwamba lugha hukua na anayelalamika amepitwa na wakati. Wa kwanza wamesahau mfuko wao wa fedha. Wa pili wamesahau kwamba kukua ni jambo moja na kuvimba ni jambo jingine. Kipimo bora kuliko vyote viwili kimo katika methali ambayo Julius Nyerere aliitumia mwaka 1962 katika waraka wake juu ya Ujamaa: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nahau ya kigeni isifukuzwe mlangoni wala isiachwe kitandani. Ipewe kazi, itazamwe kama inalima.

Kiingereza kilifika Tanga kwa kuchelewa. Mji ulitawaliwa na Wajerumani hadi Waingereza walipoutwaa mwezi wa Julai 1916, na Wajerumani hao waliendesha sehemu kubwa ya shughuli zao za chini kwa Kiswahili. Skuli ya serikali ya Tanga ilitoa gazeti la Kiswahili, Kiongozi, tangu miaka ya mwanzo ya karne ya ishirini hadi wakati wa vita. Kwa hiyo nathari ya Kiswahili ilikwisha chapwa Tanga kabla ya karani wa kwanza wa Kiingereza kufungua daftari lake. Nje ya mji, katika vijiji vya kuelekea Tongoni na Pangani, watu walizungumza Kimtang'ata na semi zao za bahari na shamba. Nahau za Kiingereza hazikuukuta uwanja mtupu. Zilikuta nyumba ina wenyewe. Ndiyo maana kila moja inastahili kuulizwa: uliyemkuta ndani umemfanya nini?

Iulizwe kwanza ile inayosikika zaidi kuliko zote, "mwisho wa siku". Kwa Mwingereza wa leo maneno hayo hayana uhusiano na jua. Huyatumia anapotaka kusema "baada ya kuyapima yote", na huweza kuyatamka saa mbili za asubuhi. Yametumika hata yakachakaa. Mwaka 2004 jumuiya ya Plain English Campaign ya Uingereza iliwauliza wafuasi wake ni semi gani zinazowaudhi kupita zote, na huu ndio ulioongoza. Kiswahili basi kimeazima nguo ambayo mwenyewe alikuwa akitafuta pa kuitupa.

Hilo lingesameheka lau nguo ingekuwa inakaa mwilini. Lakini pwani ina mwisho wake wa siku, nao una saa yake. Siku ya pwani hukatika magharibi. Jua likizama, siku nyingine imeingia. Ndiyo maana usiku wa Ijumaa kwa mtu wa Tanga, wa Pemba au wa Unguja ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa, na anayealikwa maulidi ya usiku huo akifika Ijumaa baada ya isha atakuta mikeka imekunjwa tangu jana. Kwa watu hawa mwisho wa siku ni adhana, ni ngalawa zinazovutwa mchangani, ni mwanzo wa hesabu mpya. Sasa mshairi anayetaka kuiimba saa hiyo hawezi tena kuandika "mwisho wa siku" bila ya msomaji kudhani kwamba anafunga hotuba. Nahau ya kuazima imemnyang'anya maneno yake mwenyewe. Na haikumpa kitu ambacho hakuwa nacho, maana hatimaye, mwishowe, hatima yake na mwisho wa yote yalikuwapo na yangalipo.

Hasara ya namna hii ni ya kweli, na haionekani kwa sababu hapana neno lililofutwa katika kamusi. Mahali pengine hasara yaonekana wazi zaidi. Kiingereza husema kwamba ndege mmoja aliye mkononi anashinda wawili walio kichakani, maana yake kidogo cha hakika ni bora kuliko kingi cha kubahatisha. Tafsiri yake sasa husikika mara kwa mara, na kwa masikio ya vijana wengi ndiyo methali yenyewe. Wazee walikuwa wakisema: heri kenda shika kuliko kumi nenda uje. Methali hii ni ya sokoni. Yupo anayedai kumi, yupo anayeahidi, na kati yao kuna njia ndefu ya kwenda na kurudi ambayo kila aliyewahi kukopesha ameitembea. Ndege hawana njia hiyo. Tena ndani ya methali ya Kiswahili amehifadhiwa mzee mwingine, neno kenda, ambalo katika hesabu za kila siku limekwisha kuachia nafasi neno tisa. Methali hiyo ni moja ya nyumba chache zilizobaki ambamo kenda anaishi bila ya kuulizwa. Ikisahauliwa, naye huondoka.

Ndivyo ilivyo pia kwa "kulilia maziwa yaliyomwagika". Mwingereza husema hivyo kumkanya anayejuta bure. Kiswahili kimesema siku zote kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Tofauti ya maziwa na maji si ya jikoni tu. Kiingereza kinamtazama mtu na kumwambia anyamaze. Kiswahili kinayatazama maji na kueleza yalivyo. Mtu ameachiwa akili yake amalizie. Mkanyo wa kwanza waweza kumuumiza mwenye msiba. Wa pili waweza kusemwa mbele ya wafiwa bila ya mtu kukasirika.

Kuhusu ndege wawili na jiwe moja kuna jambo la kushangaza zaidi. Nahau hiyo yasifu werevu wa kutimiza mambo mawili kwa pigo moja, na Kiswahili cha mikutano kimeipenda mno. Lakini hekima ya zamani ya pwani iliyashuku mambo mawili. Mshika mbili moja humponyoka, ilisema. Njia mbili zilimshinda fisi, ikaongeza. Haina maana kwamba Mswahili asiruhusiwe kusifu werevu huo. Maisha ya leo yanaudai, na pengine nahau ya ndege ilikuja kujaza pengo la kweli. Hapa mgeni amekuja na shauri ambalo nyumba haikuwa nalo. Mwandishi anayeyajua yote mawili, sifa ya jiwe moja na onyo la fisi, ana mgogoro mzuri wa kutungia shairi. Asiyejua ila moja hana.

Zipo nahau ambazo, zikiwekwa bega kwa bega na zile za pwani, huonesha jinsi watu wawili wanavyoweza kukitazama kitu kimoja kutoka pande mbili. Chumvi ni mfano ulio bora. Mwingereza akisikia habari asiyoiamini sana, husema ataipokea "kwa chembe ya chumvi": msikilizaji ndiye anayetia chumvi, nayo ni shaka yake. Kwa Mswahili, anayetia chumvi ni msemaji. Chumvi ni uwongo mtamu anaouongeza ili habari inoge. Anayejaribu kuitafsiri nahau ya Kiingereza neno kwa neno atakuwa amemhamisha mpishi kutoka jikoni hadi mezani, na msomaji wa Tanga, anayezijua nyanda za chumvi za pwani yake, hataelewa ni nani hasa anayedanganya. Tena chumvi hiyo hiyo, ikiliwa kwa wingi, huwa ni umri na busara. Aliyekula chumvi nyingi haongopi, anaheshimiwa.

Machozi nayo yana habari kama hiyo. "Machozi ya mamba" yameingia katika Kiswahili kwa amani, na hapana haja ya kuyatoa. Asili yake ni masimulizi ya kale ya Ulaya kwamba mamba hulia huku akimla mtu. Maana yake ya kila siku ni huzuni ya unafiki. Watu wa bonde la mto Pangani wanamjua mamba kuliko waliobuni hadithi hiyo, na hapana aliyetaka ushahidi wa machozi yake. Picha ilifahamika mara moja. Lakini ilipofika, ilimkuta samaki. Kilio cha samaki, yasema methali, machozi huenda na maji. Mamba hulia machozi yanayoonekana na yasiyo ya kweli. Samaki hulia machozi ya kweli yasiyoonekana. Nahau ya Kiingereza inamhukumu anayelia; methali ya Kiswahili inamhukumu anayetazama na asione. Hizi mbili hazigombanii kiti kimoja. Pamoja zinaeleza mambo mengi ya dhuluma ambayo kila moja peke yake haiwezi kuyaeleza, na mshairi wa visiwani au wa mrima atakayewakutanisha mamba na samaki katika shairi moja atakuwa amempa mgeni jembe kweli kweli.

Barafu haikupata bahati hiyo. Kiingereza husema "kuvunja barafu" kwa maana ya kuondoa ukimya wa watu wasiojuana, na picha yake ni ya chombo kinachopasua njia katika maji yaliyoganda. Pwani haina maji yaliyoganda, na muhimu zaidi, haina ukimya wenyewe. Wageni wawili wakikutana njiani hapo Usagara, mdogo ataamkia shikamoo, mkubwa ataitikia marahaba, kisha zitaulizwa habari za atokako, za nyumbani na za afya kabla ya jambo lolote kutajwa. Desturi hiyo ndiyo inayofanya kazi ya kuvunja barafu, na inaifanya kabla barafu haijapata kuganda. Kuiazima nahau hapa ni kuazima dawa ya ugonjwa usiokuwapo.

Dada yake, "ncha ya mlima wa barafu", ina hoja nzito zaidi. Mlima wa barafu uliao baharini huonesha sehemu kama moja ya kumi tu, nyingine zote zimo chini ya maji. Ndiyo maana nahau hiyo husemwa pale ubaya unaoonekana ni mdogo kuliko uliofichika. Maana hii yahitajika kila siku, katika habari za rushwa na katika habari za maradhi. Lakini mvuvi wa Tanga huijua barafu katika sanduku la samaki, ambamo inamwokoa dhidi ya hasara. Kwake barafu ni rafiki. Anachokiogopa ni mwamba. Maji yakipwa huonekana kichwa chake, na mwili wote umebaki chini. Maji yakijaa hata kichwa hakionekani. Lugha yenye kichwa cha mwamba haihitaji ncha ya barafu. Inahitaji mshairi wa kukumbuka kwamba mwamba upo.

Mpira nao umebadilika safarini bila ya wasafirishaji kujua. "Mpira uko kwenu" ni nahau ya tenisi. Katika mchezo huo mpira ukishatua upande wa mtu, amelazimika: aupige au apoteze. Maana yake ya kila siku ni kwamba zamu ya kutenda ni yako na hapana tena kisingizio. Lakini katika mji wa Coastal Union na African Sports, mpira ni wa miguu, na katika mpira wa miguu kuwa nao ni neema. Anayeambiwa mpira uko kwake aweza kujiona amepewa nafasi, ilhali msemaji alikusudia kumtwika mzigo. Si mara moja mazungumzo ya umma yamekwenda mrama kwa sababu kama hizo: pande zote mbili zimetumia maneno yale yale na kila upande umeona uwanja wake.

Baada ya hayo yote haki inadai kutaja wageni waliolima. "Kuchukua hatua" ni sura ya Kiingereza, na leo hapana anayekumbuka. "Kufungua ukurasa mpya" ni ushahidi wa tafsiri iliyofikiriwa. Kwa Kiingereza nahau hiyo, inayomhusu mtu anayeacha mwenendo mbaya na kuanza upya, hutumia neno linalobeba maana mbili, jani la mti na karatasi ya kitabu. Mtafsiri mvivu angeandika "kugeuza jani jipya", na msomaji angelitafuta shambani. Aliyeandika ukurasa aliijua nahau na aliijua lugha. "Upande wa pili wa shilingi", usemao kwamba jambo lile lile lina sura nyingine, ulipata makaazi kwa sababu shilingi yenyewe ilipita mkononi mwa kila mtu: ya ukoloni ikiwa na kichwa cha mfalme upande mmoja na simba upande wa pili, na ile ya Tanzania ya mwaka 1966 ikiwa na kichwa cha Nyerere na mkono ulioshika mwenge. Aliyeisikia nahau hiyo hakuhitaji kuelezwa. Aliigeuza sarafu akaona.

Na ziko zile zilizokwenda mbele zaidi, ambazo kitu ni cha mgeni na nahau ni ya mwenyeji. Reli ya Tanga ilianza kujengwa mwaka 1893 kwa akili ya Kijerumani, lakini "wembamba wa reli, treni hupita juu yake" hakuna Mjerumani wala Mwingereza aliyeusema. Ni msemo wa watu walioitazama reli na kumwona ndani yake mtu mwembamba asiyedharaulika. Tai ilikuja na ofisi ya Kiingereza, lakini "kufa na tai shingoni", kwa maana ya kushikilia hadhi hadi dakika ya mwisho huku mambo yameharibika, ni dhihaka ya Kiswahili iliyo kali kuliko nahau nyingi za wenye tai. Hivi ndivyo lugha hai inavyoazima. Inachukua kitu, inakiweka mbele ya macho yake yenyewe, kisha inasema ilichokiona.

Katika ushairi kipimo hiki kina mkaguzi asiyepokea hongo, naye ni mizani. Mshororo wa shairi la kawaida huenda mizani kumi na sita, nane katika kila kipande. "Upande wa pili wa shilingi" una mizani kumi, "ndege wawili kwa jiwe moja" nao una kumi. Hauingii hata mmoja katika kipande bila ya kuvunjwa viungo. Si dhambi, lakini ni dalili kwamba nahau hizo hazikuzaliwa vinywani mwa watu waliozoea kuimba kwa nane. "Mwisho wa siku" una mizani mitano, na hapo ndipo penye mtego: mshairi aliyekwama huukuta umekaa tayari, akaongeza mizani mitatu akapita, naye hakusema lolote ambalo "mwishowe" lisingelisema kwa mitatu peke yake. Methali ya samaki, kwa upande wake, ina mizani kumi na sita kamili tangu ilipozaliwa. Ikiguswa kidogo tu, "kilio chake samaki, machozi yenda na maji", inakaa nane kwa nane kama iliyopimwa kwa pima. Aliyeitunga kwanza hakuhesabu kwa vidole. Alikuwa na sikio lililolelewa na nyimbo.

Mtu asije akadhani kwamba sikio la namna hiyo huharibiwa na kujua Kiingereza. Mfano wa Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 karibu na mji wa Tanga, watosha kuiondoa dhana hiyo. Tangu mwaka 1926 alikuwa mtumishi wa serikali ya Kiingereza, kwanza katika forodha, baadaye katika idara nyingine, na miaka yake ya mwisho ya kazi aliifanya katika ofisi za Tanga. Barua za kazi, taratibu na amri zilimpitia kwa lugha hiyo kwa zaidi ya miaka thelathini. Tena hakuikimbia katika fasihi: tafsiri yake ya rubai za Omar Khayyam, iliyotoka mwaka 1952, ilipitia katika Kiingereza cha Edward FitzGerald, ambaye mwenyewe aliyatunga upya mashairi ya Kiajemi badala ya kuyafuata neno kwa neno. Fundisho la kazi hiyo ni kwamba kinachosafiri ni wazo, na wazo likifika linavishwa upya kwa kitambaa cha nchi lilikofikia, kwa vina na mizani ya wenyeji.

Nyerere alikwenda njia hiyo hiyo alipotafsiri tamthilia mbili za Shakespeare. Ya Juliasi Kaizari ilitoka mara ya kwanza mwaka 1963 na kusahihishwa mwaka 1969. Mwaka huo huo ikatoka ya mfanyabiashara wa Venisi, naye akaiita Mabepari wa Venisi. Mtu mmoja wa asili akawa wengi, na biashara ikawa ubepari, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. Wapo wanaoona kwamba mtafsiri alizidisha, na hoja yao ina uzito, kwani jina hilo linamhukumu mtu kabla pazia halijafunguliwa. Lakini hapana anayeweza kusema kwamba alitafsiri akiwa usingizini. Alijua anachokichukua na alijua anawapelekea nani.

Tamthilia hiyo ndiyo iliyowapa Waingereza nahau yao ya "ratili ya nyama", isemwayo juu ya mtu anayedai haki yake mpaka chembe ya mwisho hata mdaiwa afe. Haikupata kuenea katika Kiswahili cha kila siku, ingawa maana yake inajulikana na wengi waliokopa. Badala yake, katika miaka ya karibuni, Watanzania wenyewe wameiita mikopo ya riba ya kunyonga "kausha damu". Hapana kamati iliyokaa kuitunga, na hapana Mwingereza aliyeulizwa. Katika tamthilia mdai aliruhusiwa nyama akakatazwa damu, na hilo ndilo lililomwokoa mdaiwa. Katika nahau ya mitaani damu yenyewe ndiyo inayochukuliwa, taratibu, marejesho baada ya marejesho. Anayeuliza kama Kiswahili bado kina nguvu ya kuunda picha zake amejibiwa.

Linalobaki ni suala la malezi. Katika skuli za sekondari za Tanzania masomo mengi hufundishwa kwa Kiingereza, na mwanafunzi hana budi kuzijua nahau za lugha hiyo. Azijue vizuri, pamoja na maana yake ya kila siku na mahali pa kuitumia. Ajue pia kwamba "mvua ya paka na mbwa" aliyoikariri ni nadra leo kutoka kinywani mwa Mwingereza kijana. Lakini anayefundishwa ndege wa kichakani afundishwe na kenda, anayefundishwa maziwa afundishwe na maji, anayefundishwa mamba afundishwe na samaki. Kazi hii si ngumu wala haihitaji fedha. Inahitaji mwalimu mwenye lugha mbili kamili badala ya mbili nusu nusu, na inahitaji washairi, kwa sababu watoto hujifunza nahau kwa kuzisikia mahali zinapopendeza.

Tanga ina sifa ya mji wa waja leo waondoka leo, na nahau nyingi za kigeni zitapita hivyo hivyo, zitoke na mtindo ulioziletea. Chache zitakaa. Zitakazokaa zisiwe zile zilizopata nafasi kwa sababu wenyeji walikuwa wamelala, ila zile zilizoamka nao alfajiri ya siku ya tatu, zikapokea jembe, zikaenda shamba.